Mlango wa Bi. Elma Usiopiga Kelele

Wesley J. Lahti,
Nyumba Na. 14, Barabara ya Mierezi,
Alder Falls, Michigan.
Alhamisi, 17 Oktoba.

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Halmashauri ya Mji wa Alder Falls.

Mheshimiwa, na pia Shemeji Clayton,

YAH: JIRANI ANAYEJIANDAA NA BARIDI KUPITA KIASI

Nakuandikia kwa kofia zako zote mbili, ile ya cheo na ile ya kuwa kaka wa mke wangu, ila nakuomba barua hii uisome ukiwa umevaa ile ya kwanza. Ukivaa ya pili utampigia simu Marlys kabla hujamaliza ukurasa, na yeye hajui kama naandika. Anadhani niko gereji natafuta bisibisi.

Nimeishi mji huu miaka sitini na tisa. Nimelipa kodi, nimezima moto kwa kujitolea, na nilikupigia kura hata mwaka ule ulipogombea peke yako. Sijawahi kuisumbua halmashauri. Mlipoweka taa ya barabarani inayowaka mchana na kuzimika jioni, nilinyamaza. Lakini hili la sasa limenifika kooni, na nisipolisema nitalala nalo hadi Machi.

Anayelalamikiwa ni Bi. Elma Turvola wa nyumba Na. 15, ng'ambo ya barabara, mjane wa marehemu Onni, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Kosa lake ni kwamba kila mwaka kabla ya baridi huuandaa mlango wake wa gereji. Tena huuandaa vizuri. Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili katibu wako asipate taabu.

1. Bi. Elma hana subira na majira. Jumamosi ya pili ya Septemba, wakati watu wenye akili timamu wako ziwani na kaptula, yeye anatoa ngazi. Si ngazi ya kificho. Ni ya alumini, jua likiipiga inang'aa hadi kwenye sahani yangu, na anaisimamisha saa ile ile watu wanapopita kwenda kununua mahindi. Halafu analeta ndoo ya maji ya moto, matambara na mswaki wa zamani, anaanza kusugua zile reli zinazopitisha magurudumu ya mlango, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto masikio. Mimi nimekaa barazani na kahawa yangu, sijamkosea mtu. Ndipo Marlys anatokea, anatazama ng'ambo, anasema, "Elma ameshaanza."

Maneno mawili, Mheshimiwa. Umekua na dada yako nyumba moja, unajua maneno yake mawili yana uzito gani. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Septemba yangu huishia hapo. Mwaka mmoja yalinifuata hadi porini msimu wa kuwinda kulungu. Nilikaa juu ya mti na bunduki, kulungu akapita chini yangu, na mimi nawaza bawaba.

2. Kuhusu mafuta. Mwaka juzi nilitoka kwa hiari yangu, bila kusukumwa na mtu isipokuwa Marlys, nikapuliza mlango wangu kwa lile kopo la mafuta mepesi ambalo kila mwanamume wa mji huu analo. Marehemu baba aliyatumia kwa kila kitu, kuanzia baiskeli hadi goti lake. Bi. Elma akavuka barabara. Hakuitwa. Akalitazama kopo, akasema kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi:

"Wes, hayo yanasafisha tu, hayalainishi. Baridi ikikaza yatashikana na vumbi, magurudumu yatagoma. Tafuta grisi nyeupe, au ya silikoni."

"Nimetumia haya tangu themanini na nane," nikamjibu.

"Ndiyo," akasema. "Tunasikia."

Tarishi alikuwa amesimama pale pale na barua zetu mkononi. Aliingiza kichwa ndani ya begi lake, akajifanya anatafuta kitu, mabega yanatikisika.

Sasa tuongee kama watu wazima. Mlango wangu ukifunguka unasikika hadi kanisa la Kilutheri. Watu wanajua Lahti anatoka, Lahti amerudi. Huo ndio uwazi mnaouhubiri kila mkutano. Mlango wa Bi. Elma unapanda kama paka anayeondoka kwenye kiti. Anaweza kutoka, akaenda anakokwenda, akarudi, na mtaa mzima usiwe na habari. Nauliza tu: mtu asiye na la kuficha ana haja gani ya mlango usiopiga kelele?

3. Oktoba mwaka jana alimwita mke wangu aende akatazame. Marlys akaenda, mimi nikafuata kwa ajili ya usalama. Bi. Elma akavuta ile kamba nyekundu inayoutenga mlango na mota, akauinua kwa vidole viwili hadi usawa wa kiuno, akauachia. Ukabaki hapo hapo hewani. Yeye akakunja mikono.

"Unaona, Marlys? Ukitulia hivi, springi ziko sawa. Ukianguka au ukipaa, mwite fundi. Springi usiziguse mwenyewe, zitakuvunja mkono."

Marlys alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeokoka. Hakuvua hata koti. Akaingia gereji yetu, akavuta kamba yetu, akauinua mlango wetu, akauachia. Mlango wetu haukutulia, Mheshimiwa. Ulishuka kama uliosahau kitu chini. Mimi nilikuwa karibu, nikauzuia kwa mgongo, na kwa siku nne nikawa natembea natazama viatu vyangu. Nilituma malalamiko kwa Bi. Elma kupitia Marlys. Unajua alijibu nini? Alileta mfuko wa mpira wa maji ya moto, wa kwake mwenyewe, wenye kifuniko cha sufu alichokifuma kwa mkono. Naomba uone jinsi mtu huyu anavyofanya kazi.

4. Wiki moja baadaye alibisha hodi akiwa amebeba mpira wa chini ya mlango, ule unaoziba nafasi kati ya mlango na sakafu. Futi kumi na sita, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Dukani walikuwa wanauza miwili kwa bei ya mmoja," akasema. "Wako umepasuka kule kona, nimeuona nikipita. Ukiganda kwenye sakafu hutautoa. Ni kazi ya saa moja tu."

Nilimshukuru kama nilivyolelewa, nikautundika kwenye msumari. Nilikusudia kuufunga baada ya msimu wa kuwinda. Baada ya msimu wa kuwinda ikawa baada ya Krismasi. Si kwamba nilipuuza. Nilikuwa naupa nafasi mpira wa zamani ujitetee. Je, kuna sheria inayomruhusu mtu kumpa mwenzake mpira bila kuombwa? Maana kitu ukishapewa, halafu kikawa kinaning'inia mbele ya macho yako siku unapokihitaji, hicho si zawadi tena, ni ushahidi. Marlys aliushusha Aprili akazungushia tuta lake la stroberi. Hakusema sababu.

5. Hapa naomba ukae vizuri. Januari mlikuwa Florida, wewe na Darlene, mnaota jua, kwa hiyo unayoyajua ni yale uliyosimuliwa na Marlys, na Marlys sehemu kubwa alikuwa amefumba macho.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Siku iliyotangulia ilinyesha ile mvua ya kipuuzi inayokuja katikati ya baridi, halafu kukaganda. Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango wangu, pale kona, yakatulia, yakawa barafu. Mlango na sakafu vikawa kitu kimoja. Marlys alikuwa kitandani tangu alfajiri ameshika tumbo upande wa kulia. Alisema ni maharage. Ilipofika saa nne akasema si maharage.

"Wes," akaniambia, "katoe gari."

Alisema polepole sana, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu dada yako hana polepole.

Nikabonyeza rimoti. Mota ikanguruma, mlango ukajikunja katikati kama mtu anayevutwa kola huku miguu imeshikwa, halafu ukasikika mlio kama wa risasi, na springi ikawa imekatika. Nikapiga simu ya dharura. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake. Akaniambia gari la wagonjwa liko kwenye ajali barabara kuu, jingine linatoka mji wa jirani, dakika hamsini, pengine zaidi kwa hali ya barabara. Nikachemsha maji nikayamwaga chini ya mlango. Naomba shule zetu zifundishe hili: maji ya moto, kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri, yanatengeneza barafu mpya, safi, imara kuliko ile ya kwanza. Nikachukua shoka.

Nilipogeuka, Bi. Elma alikuwa amesimama nyuma yangu amevaa koti la Onni linalomfika magotini. Gari lake lilikuwa barabarani, linanguruma, na ng'ambo mlango wa gereji yake ulikuwa wazi. Sikuusikia ukifunguka. Nalirudia ili katibu aliandike vizuri: sikuusikia.

"Mlete," akasema.

"Nikimaliza hapa nitatoa la kwangu."

"Wes. Weka shoka chini ukamlete."

Tulikwenda maili thelathini na moja nyuma ya lile gari la kukwangua theluji. Mbele huoni kitu, isipokuwa taa yake ya manjano inazunguka. Nilikaa kiti cha nyuma, kichwa cha Marlys kwenye mapaja yangu, beseni mkononi. Bi. Elma alishika usukani kwa mikono miwili, na njia nzima alisema neno moja tu, kila Marlys alipokaza meno. "Pumua," anasema. "Pumua, dada." Kilikuwa kidole tumbo. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa na kofia yake ya karatasi, akaniambia kwamba tungechelewa saa moja zaidi angekuwa na habari nyingine ya kunipa.

Dada yako yuko hai, Mheshimiwa. Sasa hivi yuko jikoni, namsikia anagombana na redio. Na kila nikimwona akivuka chumba najua kwamba anakivuka kwa sababu ya mswaki wa zamani na grisi ya mtu mwingine, siyo kwa sababu yangu. Hebu niambie kama hilo ni jambo la kumfanyia jirani.

6. Ungedhani ameishia hapo. Mtu mwingine yeyote mwenye ubinadamu angesema, "Nilikuambia." Angesema mara moja, kwa sauti ya kawaida, nami ningekasirika, tungenuniana wiki mbili, yakaisha. Ndivyo watu wanavyoishi. Bi. Elma hajasema. Miezi tisa hajasema. Nimeandaa majibu matatu, moja kali, moja la kejeli na moja la kiungwana, yote yameozea mdomoni. Nimesimama kwenye sanduku la barua hadi vidole vikafa ganzi nikimpa nafasi ya kusema. Anakuja, anachukua barua zake, anasema, "Habari za leo, Wes. Marlys anaendeleaje?" Basi. Hadi mwezi wa saba, kila Ijumaa alikuwa akileta mkate wa iliki ukiwa bado wa moto. Nimeula mkate huo, na naomba nisiulizwe vipande vingapi.

Nikamwuliza Marlys, "Huyu ananinyamazia kwa nini?"

Marlys akasema, "Labda hakufikirii wewe."

Huo ndio ukatili ninaouleta mbele ya halmashauri.

7. La mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mwaka huu Bi. Elma hajaugusa mlango wake. Leo ni tarehe kumi na saba Oktoba. Jumamosi ya pili ya Septemba nilikaa barazani na kahawa tangu saa moja, nimejiandaa kuudhika. Hakutoka. Jumamosi ya tatu, hakuna. Ya nne mvua ilinyesha, nikamsamehe. Sasa majani yamejaa chini ya mlango wake hadi kifundo cha mguu, reli zina utando wa buibui ninaouona kwa darubini yangu ya kuwindia, na ngazi sijaiona. Anapita na lile lisweta lake kubwa, anatikisa kichwa kunisalimu, anaingia ndani.

Mtaa huu hauna kalenda nyingine. Akina Mattson hawajatoa majani kwenye mifereji ya paa, wanasema wanamsubiri Elma. Marlys kila asubuhi anasimama dirishani na kuuliza, "Kwa nini Elma hajaanza?" na ananiangalia mimi, kana kwamba nimemkataza. Naamini anafanya makusudi. Ni mgomo. Ameona maandalizi hayanimalizi, akaamua kunimaliza kwa utulivu. Na mlango huo ukiganda Januari, Mheshimiwa, atatupeleka nani hospitali? Naomba radhi, sentensi hiyo imeniponyoka. Katibu asiiandike.

Kwa kuzingatia hayo yote, naiomba halmashauri yako tukufu ipitishe yafuatayo:

(a) Iwe marufuku kwa mkazi yeyote kugusa mlango wake wa gereji, kwa kitambaa, mswaki au mkono mtupu, kabla theluji ya kwanza haijafika inchi nne.

(b) Grisi nyeupe iuzwe kwa cheti cha daktari.

(c) Kila mlango usiopiga kelele ufungwe kengele ya ng'ombe, kwa gharama ya mwenyewe.

(d) Bi. Elma Turvola aitwe kikaoni na kutamka "Nilikuambia, Wes" mara tatu mbele ya mashahidi, nami nipewe dakika tano za kujibu.

(e) Bila kujali kifungu (a), Bi. Elma aamriwe kuuandaa mlango wake kabla ya tarehe mosi Novemba, na akikataa, halmashauri imuulize ana shida gani. Imuulize kwa upole.

Nasubiri uamuzi wako, na nasubiri theluji, nikiamini kwamba kimoja kati ya viwili hivyo kitafika kwa wakati. Nisalimie Darlene, mwambie supu yake ya samaki tuliimaliza na sufuria tutarudisha. Wasalimie wajumbe wote, hata yule wa barabara, vijana wa gari la theluji, katibu, na mbwa wenu ambaye jina lake huwa nalisahau lakini yeye langu halisahau.

Ni mimi mkazi wako, mvumilivu hadi leo,

Wesley J. Lahti

Nakala: Bi. Elma Turvola, nyumba Na. 15, kwa taarifa na aibu yake.

N.B. Leo ni Jumapili. Barua haikuondoka Alhamisi kwa sababu stempu anazo Marlys. Jana nikaona haki inataka mlalamikiwa apewe nakala yake mkononi, nikavuka barabara.

Bi. Elma alikuwa gerejini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anautazama mlango. Sweta ilikuwa imemteleza begani, ndipo nikaona mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni. Kutoka barazani nisingeuona hata kwa darubini. Alianguka mwezi wa nane, kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba, akiwa na kapu la nguo.

"Daktari kasema hadi Krismasi nisiuinue mkono juu ya kichwa," akasema.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nikwambie wewe, Wes? Kila mwaka unakaa pale na kahawa yako unanicheka. Nikasema, mwaka huu Wes atapumzika."

Nilikuwa na yale majibu yangu matatu na hakuna hata moja lililofaa. Barua nikairudisha mfukoni. Nikamwambia nimekuja kuazima ngazi. Akanionyesha ilipo, nikaichukua, nikaisimamisha pale pale mbele ya mlango wake, nikapanda. Hakuuliza kitu. Aliniacha nifanye vibaya kama dakika mbili hivi, halafu akaanza.

"Si kwenye reli. Reli inafutwa tu, haipakwi. Bawaba. Hapo. Kidogo, Wes, hupaki mkate siagi."

Nikiwa kule juu, mgongo nimempa, nikaona hapo ndipo mahali pa kuuliza. Nikamuuliza kwa nini tangu Januari hajawahi kuniambia kwamba alinionya.



"Sikukumbuka hata," akasema. "Siku ile sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Kwenye theluji alikuwa anaendesha Onni. Mimi tangu afe nilikuwa sijavuka daraja la mtoni, baridi ikianza, hata mara moja. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nikilia nitawaingiza mtaroni. Ile pumua, pumua, nilikuwa najiambia mwenyewe."

Niliendelea kuipaka grisi bawaba ile moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Baadaye Marlys alivuka na chupa ya kahawa. Alinikuta juu ya ngazi, akamtazama Elma, akaitafuta ndoo nyingine akaipindua, akakaa kando yake. Hawakuongea juu yangu, au waliongea kwa macho. Alasiri nilikwenda mjini kununua mpira, tukahamia kwangu, ambako fundi alishabadilisha springi tangu Februari. Tulimaliza giza likianza. Marlys akaufungua mlango na kuufunga mara nne, hana anakokwenda, anasikiliza tu. Halafu akaniambia, "Kumbe una mlango." Maneno matatu, na sikuumia.

Kwa hiyo, Shemeji, futa namba moja hadi saba, na (a) hadi (e). Barua hii usiisome kikaoni. Nakala ya Elma nimeichoma kwenye jiko la sauna.

Limebaki jambo moja. Leo baada ya ibada nilipita kwenu, mlikuwa hamjarudi. Mpira wa chini wa mlango wako wa gereji umechanika upande wa kushoto, nimepitisha vidole vitatu. Magurudumu mawili yamejaa nywele za mbwa. Bolti ya bawaba ya juu naweza kuizungusha kwa kucha, na sijui Darlene anapita chini yake kila siku kwa imani gani. Redio inasema theluji ni Alhamisi. Barua hii naiweka mwenyewe kwenye sanduku lako usiku huu. Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa kwako, mimi na Bi. Elma. Yeye atakaa aelekeze, mimi nitapanda. Wewe utashika ngazi.